Kumsomea Mwenzako: Historia Fupi ya Ukosoaji katika Maandishi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mwaka wa masomo, katika vyumba vya wanafunzi na katika viwanja vya vyuo vyetu, karatasi hupita mkono kwa mkono. Mwanafunzi aliyeandika hadithi, shairi ama sura moja ya kazi yake ya kumaliza masomo humpa mwenzake aisome kabla ya kuifikisha kwa mwalimu. Aghalabu mwenzake huirudisha kwa mojawapo ya njia mbili. Ama husema, « Ni nzuri », na kuishia hapo, kwa kuwa hataki kuharibu urafiki. Ama huirudisha imejaa wino mwekundu, kila neno lisilomo katika kamusi limekatwa, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameielewa. Njia ya kwanza haimfundishi mwandishi jambo lolote. Ya pili humfundisha kwamba ingekuwa heri asingeandika.

Kwa mwanafunzi wa Kongo anayeandika kwa Kiswahili jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi na ya masomo ya juu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini anayeketi kuandika kwa lugha hiyo hafanyi hivyo kwa kulazimishwa na shule wala kwa kuvutwa na soko. Amechagua mwenyewe. Akivunjwa moyo na msomaji wake wa kwanza, hakuna kitakachomrudisha. Atarudia Kifaransa, na ukurasa ule wa Kiswahili hautaandikwa tena. Hivyo basi namna ya kumsomea mwenzako si suala la adabu peke yake. Ni suala la kujua kama lugha hii itapata waandishi katika nchi yetu ama haitapata.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa njia ya historia. Tutapitia nyakati nne ambamo maandishi ya Kiswahili yalikosolewa, na kila mara tutauliza swali moja: mkosoaji alisimama wapi mbele ya mwandishi? Alisimama kando yake, naye akiwa na kalamu mkononi, au alisimama juu yake na mhuri?

Kabla ya kuendelea, maneno yenyewe yanastahili kuangaliwa. Kitenzi « kukosoa » kimejengwa juu ya neno « kosa », pamoja na kiambishi cha kutendua tunachokiona katika « fungua » na « chomoa ». Kwa asili yake, basi, kukosoa si kulitaja kosa bali ni kuliondoa. « Kuhakiki » kumetokana na neno la Kiarabu lililotupa pia « haki » na « hakika ». Mhakiki hutafuta ukweli wa kazi na kuipa haki yake. « Kusahihisha » kumetoka katika « sahihi », neno ambalo kwa Kiswahili ni pia jina la alama ambayo mtu huiweka kwa mkono wake chini ya barua. Jambo hili la mwisho tutalirudia, kwa sababu katika historia yetu kuna wakosoaji waliotia sahihi zao na kuna waliozificha.

2. Watungaji walioomba kukosolewa

Ukosoaji haukuletwa kwetu na shule za wakoloni. Katika tenzi za kale za pwani ya Afrika Mashariki, ambazo mojawapo ya kongwe zinazojulikana ni Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ulioandikwa mwaka 1728, kulizoeleka desturi ya mtungaji kujitaja na kuwaambia wasomaji wake jambo fulani kabla ya kuweka kalamu chini. Watungaji wengi wa tenzi waliomba radhi kwa makosa yao, na wakawaruhusu wenye ujuzi wayarekebishe. Twaweza kusema kwamba huo ulikuwa unyenyekevu wa desturi tu, kama vile mwenye nyumba anavyomwambia mgeni kwamba chakula ni kidogo. Hata hivyo desturi ina maana yake. Ilimpa msomaji ruhusa, na ruhusa hiyo ilitoka kwa mtungaji mwenyewe. Msomaji hakuivamia kazi ya mtu, alialikwa.

Desturi ya pili ni ile ya kujibizana kwa mashairi. Mfano wake mashuhuri ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban miaka ya 1776 hadi 1840, wakati Wamazrui walipokuwa wakipambana na watawala wa Omani. Muyaka alitunga juu ya vita, biashara, mapenzi na uhitaji, na alijibizana na washairi wengine, miongoni mwao Zahidi Mngumi wa Lamu, mji uliokuwa hasimu wa Mombasa katika siasa za siku zile. Katika desturi ya kujibizana, mshairi anayejibu hapaswi kutoa maneno ovyo. Aghalabu hufuata bahari ile ile ya shairi analolijibu, na mara nyingi hata vina vyake. Asiyeweza kutunga kwa kipimo cha mwenzake amekwisha kushindwa kabla hajasema kama maneno ya mwenzake ni ya kweli au ya uongo.

Sharti hilo lina mafunzo makubwa. Mkosoaji alilazimika kwanza kuisikia kazi ya mwenzake hadi ndani, ajue imepigwa kwa mdundo gani, wapi pana kituo, wapi mafumbo yamefichwa. Kisha alilazimika kuonyesha kwa kutenda kwamba yeye pia anaweza. Ukali ulikuwepo, tena mwingi; mashairi ya kujibizana hayakuwa maneno ya upole siku zote. Lakini ukali ule ulikuwa wa mtu aliye uwanjani, ambaye kesho yake naye angejibiwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mashairi hayo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa kawaida yake haina herufi maalumu za kutenga « e » na « i » au « o » na « u », wala haina asili ya sauti kama « p » na « ch ». Kwa hiyo aliyeyasoma kimya kimya kwa macho asingeweza kufika mbali. Ilimbidi ayasome kwa sauti, na awe anaijua lugha. Mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi ya Muyaka huko Mombasa katika miaka ya 1880, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa, ambaye ndiye aliyeyakusanya, kuyaandika na kuyafafanulia. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani iliyochapishwa na William Hichens mjini Johannesburg mwaka 1940 ina deni kwa sikio lake. Jambo hili tulihifadhi. Tutalikuta tena karne moja baadaye, katika mji wetu wa Lubumbashi.

3. Mhuri wa Kamati

Wakati wa pili ni ule wa usanifishaji. Baada ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam mwaka 1925, na ule wa Mombasa mwaka 1928 ambamo lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kongo ya Wabelgiji haikuwa miongoni mwa nchi hizo nne.

Kati ya kazi ambazo Kamati ilipewa, kadhaa zinahusu moja kwa moja suala letu. Ilitakiwa kuleta umoja katika tahajia na sarufi. Kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao. Kutoa shauri kwa kila aliyekusudia kuandika kitabu. Na kusoma, na ilipobidi kusahihisha, Kiswahili cha vitabu vya shule na vinginevyo kabla havijachapishwa. Kitabu kilichokubaliwa kilipata idhini ya Kamati. Kwa miaka yake ya kwanza wajumbe wote wa Kamati walikuwa Wazungu. Hivyo palitokea hali isiyo ya kawaida: mtu aliyenyonya lugha kwa mama yake alipeleka maandishi yake yakasahihishwe na mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani.

Haki itendeke hapa pia. Kazi ya Kamati haikuwa bure. Tahajia tunayoitumia katika taarifa hii, inayomwezesha mtu wa Bukavu kusoma kitabu kilichochapishwa Nairobi, ni tunda la kazi hiyo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Johnson, imewafaa wanafunzi wa vizazi vingi. Kamati yenyewe haikubaki vile vile: Waafrika waliingia, na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mjumbe wake. Mwaka 1964 kazi zake zilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam.

Lakini tukiulizana juu ya namna ya kukosoa, lazima tuone tofauti kati ya kazi mbili ambazo Kamati ilizichanganya chini ya paa moja. Kumtia mwandishi moyo ni kazi moja. Kumpitisha ama kumzuia ni nyingine. Anayetoa idhini hana haja ya kusema ameelewa nini, wala kueleza kwa nini sentensi hii imemgusa na ile imemchosha. Anaangalia kama maandishi yanalingana na kanuni. Kanuni yenyewe ilikuwa ya lahaja moja. Washairi wa Mombasa, warithi wa Muyaka, walijikuta Kimvita chao, kilichobeba ushairi wa karne nzima, kimekuwa kitu cha kusahihishwa. Na mji wa Elisabethville, uliokuwa umekwisha kutimiza miaka 18 wakati wa mkutano wa Mombasa, ulikuwa ukikuza Kiswahili chake katika kambi za wafanyakazi, sokoni na makanisani, bila mtu yeyote kuulizwa.

Mazoea ya mhuri hayakuisha pamoja na Kamati. Yamehamia katika vichwa vyetu. Mwanafunzi anayepokea karatasi ya mwenzake na kuanza kukata maneno kabla hajafika mwisho wa ukurasa wa kwanza anafanya kazi ya kutoa idhini, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

4. Mgogoro wa ushairi

Wakati wa tatu ni karibu zaidi nasi, nao ulihusu watu waliokuwa wanafunzi na walimu wa chuo kikuu kimoja, cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alichapisha diwani iitwayo Kichomi. Mashairi mengi yaliyomo hayakufuata vina wala mizani. Katika utangulizi alijieleza kwamba alitaka kuitumia lugha ya kawaida, ile wanayoitumia watu katika mazungumzo yao ya kila siku. Mwaka mmoja tu kabla, 1973, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani, nayo yalishika barabara kanuni za jadi. Msomaji wa miaka ile, basi, alikuwa na vitabu viwili mezani vyenye majibu mawili tofauti juu ya shairi la Kiswahili ni kitu gani.

Mabishano yaliyofuata yalidumu miaka mingi, na yaliitwa mgogoro wa ushairi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliokuwa wametoa Malenga wa Bara mwaka 1976, walichapisha mwaka 1979 kitabu cha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakieleza kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Upande wa pili, Jumanne Mayoka alitoa mwaka 1984 Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka, akiitetea jadi. Nyuma ya wote hao alisimama Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyo ng'ambo ya Kongo yetu, ambaye mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri.

Tuyatazame majina ya vitabu hivyo vitatu. Kila kimoja kina sehemu mbili: kwanza kanuni ama hoja, kisha diwani. Aliyeweka sheria alionyesha mashairi yake mwenyewe. Waliozipinga walionyesha yao. Aliyerudi kuzitetea naye akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyesema, « Shairi lako si shairi », kisha akajificha. Kila mmoja aliweka jina lake na kazi yake mahali ambapo wapinzani wangeweza kuifikia. Desturi ya Muyaka na Zahidi Mngumi ilikuwa bado hai, ingawa sasa ilivaa nguo za chuo kikuu.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kezilahabi, aliyeonekana na wengi kuwa mvunjaji wa jadi, aliandika tasnifu yake ya shahada ya pili mwaka 1976 juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Aliyeachana na njia za wazee alikuwa amekaa miaka akiwasoma. Hakubadili njia kwa kutoijua ile ya zamani, na kwa hiyo waliomjibu walilazimika kumjibu kwa hoja. Aliendelea na njia yake katika Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008, hadi alipofariki mwaka 2020. Leo mashairi yenye vina na yasiyo na vina husomeshwa pamoja, na hakuna upande uliokufa.

Lakini mgogoro huo ulikuwa na kasoro yake, nayo inatuhusu sana. Mara kwa mara mabishano yaliuacha ukurasa yakamfuata mtu. Badala ya kuuliza kama shairi hili limefaulu, baadhi ya watu waliuliza kama mtunzi ni wa pwani au wa bara, kama Kiswahili ni lugha ya mama yake au aliipata shuleni. Hapo ukosoaji ulikoma. Mwandishi anaweza kuirekebisha sentensi. Hawezi kurekebisha mahali alipozaliwa. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake, na katika mabishano ya namna hii kila mmoja huivuta ngozi mpaka ngoma ikapasuka.

5. Kijitabu cha Elisabethville

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1965, katika mji ambao mwaka uliofuata ungebadilishwa jina kuwa Lubumbashi, kilitolewa kijitabu kidogo kilichopigwa taipu na kunakiliwa kwa mashine. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, na mwandishi wake alikuwa André Yav, aliyeandika kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Ndani hakuna orodha ya maneno kama jina linavyoashiria. Kuna historia: namna mji ulivyoanza, namna Wazungu walivyokuja, kazi, mishahara, na maisha ya wale walioitwa maboyi, yakisimuliwa na wao wenyewe.

Tujaribu kufikiri kijitabu hicho kingepokewa vipi lau Yav angekuwa mwanafunzi wa darasa letu na kumpa mwenzake karatasi zake. Kiswahili chake ni cha Katanga. Tahajia yake haifuati kanuni ya 1930 wala nyingine yoyote iliyo imara. Maneno yameungana pasipotarajiwa na kukatika pasipotarajiwa. Alama za kituo hazimwongozi msomaji. Jina la kazi halilingani na yaliyomo. Wino mwekundu usingetosha. Na baada ya kusahihishwa kwa namna hiyo, shahidi mmoja adimu wa historia ya mji wetu angenyamaza.

Bahati njema kazi hiyo iliangukia mikononi mwa wasomaji wa namna nyingine. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti na kufundisha Lubumbashi, aliichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Njia waliyoitumia ndiyo inayotufaa. Maandishi yalikuwa magumu kueleweka kwa macho. Kwa hiyo Kalundi Mango, mwenye lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti. Alipoyasoma, maneno yaliyokatika yaliungana, vituo vilijionyesha, na sauti ya msimulizi ikasikika. Kutokana na usomaji ule ndipo maandishi yalipoweza kuandikwa upya na kufasiriwa, huku yale ya asili yakihifadhiwa kando yake.

Hapa msomaji atamkumbuka Mwalimu Sikujua. Mombasa ya karne ya 19 na Lubumbashi ya karne ya 20 ziko mbali, na mashairi ya Muyaka si sawa na kijitabu cha Yav. Hati zao ni mbalimbali. Lakini shida ilikuwa moja: alama zilizo kwenye karatasi hazikutosha, na mtaalamu wa kigeni hangeweza kufika popote bila mtu aliyekubali kuisoma kazi kwa sauti na kwa nia njema, akimwazima mwandishi ulimi wake. Mtu huyo hakuanza kwa kutafuta makosa. Alianza kwa kuamini kwamba aliyeandika alikuwa na jambo la kusema. Hakuyafunika matatizo ya maandishi pia. Kazi ya Schicho, kwa mfano, inaeleza sifa za lugha ile bila kuona haya. Ila matatizo yalielezwa baada ya maana kupatikana, si kabla yake.

6. Mafunzo kwa wanafunzi wetu

Kutokana na nyakati hizo nne twaweza kutoa mashauri machache kwa yeyote anayepewa karatasi na mwenzake.

Kwanza, isomwe kwa sauti, tena ikiwezekana mwandishi akiwepo. Mahali ambapo ulimi unakwama, mara nyingi sentensi nayo imekwama, na mwandishi atalisikia hilo kabla hajaambiwa. Hii ni njia ya Kalundi Mango, na haihitaji fedha wala mashine.

Pili, kabla ya kutoa shauri lolote, msomaji aseme kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa: « Ninaona unataka kusema kwamba... » Kama alichokielewa sicho alichokusudia mwandishi, wote wawili wamegundua tatizo la kweli, ambalo ni kubwa kuliko tahajia yoyote.

Tatu, kazi ipimwe kwa kipimo ilichojichagulia. Tuchukue mfano ambao kila mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii anaujua. Mwanafunzi ameandika hadithi. Katika ukurasa wa kwanza ameandika « watu » na « vitu ». Katika ukurasa wa tatu ameandika « batu » na « bintu ». Mkosoaji mwenye mhuri atakata « batu » kila anapoiona. Msomaji mwema atauliza, « Hapa ni nani anayesema? » Kama ni mama anayezungumza sokoni Kenya, hapa Lubumbashi, basi « batu » ni ukweli wa hadithi, na kuiondoa ni kumnyang'anya mama huyo kinywa chake. Kiambishi kile cha « ba » hakikuzaliwa na uzembe. Kinafanana na cha lugha za jirani, Kiluba na Kibemba, ambazo wasemaji wake walikijenga Kiswahili cha mji huu. Lakini kama ni msimulizi mwenyewe, aliyeanza kwa Kiswahili sanifu na kuteleza bila kukusudia, basi mwandishi aambiwe wazi achague: ama aandike hadithi nzima kwa Kiswahili cha Katanga, ama ashike sanifu na kuwaachia wahusika lugha yao. Shauri hilo ni kali kuliko kukata neno, kwa sababu linadai kazi kubwa zaidi. Lakini ni shauri ambalo mwandishi anaweza kulifanyia kazi.

Nne, ukurasa usiachwe kwa ajili ya mtu. Kumwambia mwenzako « Hiki si Kiswahili, ni Kiswahili cha kwenu » ni kurudia kasoro ya mgogoro wa ushairi. Vilevile kumwambia « Ni nzuri » kwa sababu ni ndugu yako au wa mkoa wako ni kumtazama mtu na kuiacha kazi.

Tano, mkosoaji naye aonyeshe kazi yake. Hatudai kwamba asiyetunga mashairi asiseme neno juu ya shairi. Twasema kwamba katika darasa, ambamo wote ni wanafunzi, anayesoma leo alete karatasi yake kesho. Maneno ya anayejua kwamba zamu yake inakuja huwa na kipimo. Tena maelezo yaandikwe na yatiwe sahihi, ili mwandishi ajue pa kurudi akitaka kuuliza ama kupinga. Shauri lisilo na jina hugeuka hukumu, na hukumu haina wa kuulizwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kina mapokeo marefu ya kukosoana: mtungaji wa tenzi aliyemruhusu msomaji arekebishe, washairi waliojibizana kwa kipimo kimoja, wahakiki walioweka diwani zao pamoja na hoja zao, na wasomaji wa Lubumbashi waliousikiliza mkono usiozoea kalamu. Tumeona pia mapokeo mengine, mafupi zaidi lakini yenye nguvu, ya idhini na mhuri. Yametupa tahajia moja, nasi tunayashukuru kwa hilo. Lakini kazi yake ilikuwa ya vitabu vilivyo tayari kwenda mtamboni. Haikupasa kuwa kielelezo cha wanafunzi wawili walioketi na rasimu moja.

Idara zetu zinaweza kufanya jambo dogo lisilogharimu kitu: kabla kazi yoyote ya Kiswahili haijafikishwa kwa mwalimu, isomwe kwa sauti mbele ya mwenzake mmoja, na huyo mwenzake aambatanishe ukurasa mmoja wenye jina lake, akieleza alichokielewa, mahali alipopotea, na jambo moja ambalo angeomba mwandishi alifanye upya. Mwalimu asome karatasi zote mbili na kuzipa alama zote mbili. Kwa njia hiyo, anayejifunza kuandika na anayejifunza kusoma watahesabiwa kuwa wanafanya kazi moja, na kurasa nyingi zaidi za Kiswahili chetu zitapata msomaji wake wa kwanza bila kufia mikononi mwake.